Kopo la mafuta nililompelekea Kokwijuka

Nestory, mke wangu harudi.

Natoka ukweni Igurwa sasa hivi. Nilikwenda kumchukua, nikambebea zawadi: kopo la mafuta mazito ya kujipaka, kama lile la dirishani kwetu.

Kokwijuka akalishika, akacheka vibaya.

"Ngozi yangu ina mafuta tayari. Nikipaka haya natoka chunusi. Miaka kumi na tisa, baba Ainebyona, hujawahi kunitazama usoni?"

Hujawahi kunitazama usoni! Mbele ya mama mkwe!

Nikamuuliza, sasa lile la dirishani ni la nani?

"Lako. Mwenye ngozi kavu ni wewe. Nilikununulia kwa ajili ya miguu yako inayopasuka shambani."

Nestory, miaka yote nilikuwa najipaka kwa kuiba, nikidhani ni mafuta yake.