Sabato Ambayo Simu Ilivuka Mlango

Minnesota, Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Kemunto,

Bwakire, dada. Shemeji na watoto hawajambo? Na mgongo wako uliokuwa ukikusumbua msimu wa kuchuma chai, umepona kweli ama unajifanya tu umepona, kama kawaida yako? Sisi hapa tu wazima. Mke wangu Kwamboka bado yuko na kazi yake ya hospitali, mimi niko na wazee wangu kwenye nyumba ya kutunza wazee, na binti yetu Moraa ameng'oka jino la mbele na anataka dunia nzima ijue. Theluji imeanza kuanguka. Ukitoka nje pua inauma kama umenusa pilipili.

Utashangaa kupata karatasi siku hizi. Inaletwa na mama mmoja wa kanisa letu anayekuja Nyamira kuona wazazi wake. Kwa simu ningeshindwa, maana simu yako inakaa zaidi mikononi mwa watoto wako kuliko mwako, na ujumbe ukienda kwa Mama husomwa kwa sauti mbele ya majirani. Nimeandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandikia. Ekegusii nakisema hata ndotoni, lakini nikijaribu kukiandika, simu inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, utadhani ni mwalimu mwenye hasira.

Jambo lenyewe ni baba yetu, Tata. Ameacha kuzungumza na Moraa, na siwezi kumuuliza mwenyewe. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini.

Unajua mtindo wao. Kila Sabato, Mama akirudi kutoka kanisani, anaegemeza simu kwenye chupa ya chai pale uani Manga, na Tata anavuta kiti. Kwenu ni saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa mbili asubuhi, na Moraa ameketi sebuleni na kishikwambi chake na bakuli la uji. Tata anamfundisha Ekegusii. Hana kitabu. Anamshika kuku, anamleta mpaka kwenye kamera na kusema, "Engoko." Moraa akikosea, Tata anasema, "Tena," na kuku hawekwi chini mpaka neno litoke sawa, hata apige kelele namna gani.

Hilo limenifanya nifikiri sana. Shuleni kwao hesabu zinafundishwa na kishikwambi hicho hicho. Mtoto akipata jibu, nyota zinaruka na muziki unalia. Tata hajawahi kumsifu hata siku moja. Lakini maneno ya Tata ndiyo yanayobaki kichwani mwa mtoto, na mpaka leo sijajua ni kwa nini. Wewe uliye na watoto watatu labda unajua.

Basi, Sabato moja, nikiwa bafuni nanyoa ndevu, Moraa akamwambia babu yake, "Sokoro, wewe umenionyesha kwako kote, hata kuku. Sasa njoo uone kwetu." Akabeba kishikwambi. Akapita naye sebuleni, akapita naye jikoni, akafungua mlango wa chumba chetu. Kwamboka alikuwa ndio kwanza anaamka, na nguo ya kulalia, hana hata kitambaa kichwani. Mtoto akamweka babu yake juu ya kitanda, akamweleza kwa Ekegusii safi, kile alichofundishwa na Tata mwenyewe, kwamba hapa ndipo baba na mama wanapolala.

Kwamboka anasema uso wa Tata ulitoweka kabla sentensi haijaisha.

Kemunto, ile nyumba yangu ya Manga, Tata ndiye aliyesimamia mafundi mpaka bati la mwisho. Tangu nioe hajakanyaga kizingiti chake. Tukiwa huko, mvua ikimkuta na ujumbe wangu mkononi, anasimama nje chini ya mgomba na kuniita, na ukimwambia aingie anakutazama kama umerukwa na akili. Chinsoni ni chinsoni: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hamkuti mkaza mwana wake bila kujisitiri. Mtu aliyeishika heshima hiyo miaka yote, leo katembezwa mpaka kitandani na mtoto wa miaka sita.

Tangu siku hiyo Mama ndiye anayepokea. "Tata yako amekwenda kuangalia ng'ombe." Sabato iliyofuata, ng'ombe tena. Sijapata kuona ng'ombe anayeangaliwa kiasi hicho. Ya tatu ikawa netiweki ni mbaya, na huku namsikia Tata akikohoa nyuma ya Mama. Nilipombana Mama kwa simu ya kawaida, alinong'ona tu, "Mwanangu, mzee aliingia kwako." Akakata.

Moraa ndiye anayeniumiza. Tata alikuwa amemwachia hadithi katikati, ya fisi aliyealikwa ukweni, na fisi alikuwa amefika mlangoni. Mtoto akachoka kungoja, akaiomba ile mashine ya kuzungumza iliyo ndani ya kishikwambi imalizie. Ikamalizia mara moja, bila kusita: fisi akaomba msamaha, wanyama wote wakawa marafiki. Moraa akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii si ya Sokoro. Sokoro hukohoa kwanza." Akaizima. Dada, ninaogopa. Ninaogopa mtoto huyu atampoteza babu yake na babu yuko hai, ameketi uani na afya yake.

Jana Sabato, baada ya ibada, watu wetu tukiwa kwenye chakula, nikatupa swali bila kutaja jina: mzee akiingia nyumbani kwa mwanawe kwa kamera, ameingia ama hajaingia? Wali ulipoa. Jamaa mmoja wa Ogembo, dereva wa lori, akasema, "Macho si miguu. Mzee hakuinua hata kiatu."

Muuguzi mmoja wa Nyamira akamjibu, "Yaya, hapana. Kilichokatazwa si matope ya viatu. Kama ameona kitanda, ameingia."

"Basi na msomaji wa habari wa televisheni? Si yuko chumbani kwako kila siku?"

"Huyo hanioni mimi. Na si baba mkwe wangu."

Mwingine akataka atafutwe mbuzi mambo yatengenezwe, na alipiwe kwa simu hiyo hiyo iliyokosea. Tulicheka, lakini hakuna aliyesema chinsoni ni upuuzi, hata vijana waliozaliwa huku. Walichotaka kujua ni mpaka wa nyumba uko wapi siku hizi, na mimi pia nataka kujua.

Jibu nililipata njiani kurudi, kwa Kwamboka. Alisema, "Mimi sibishani kama aliingia. Mwenye kusema ameingia ni yeye, na amesema. Tutafute pa kumkaribisha, kama kule nyumbani." Tulipofika alitoa kiti kimoja cha jikoni akakiweka nje kwenye kibaraza, mbele ya mlango. Akaweka na kigoda cha Moraa. Akamwambia mtoto kwamba simu ya Sokoro haivuki mlango huu tena, itapokelewa hapa, na yeye Kwamboka atasalimia kutoka ndani bila kuonekana.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe. Mimi siwezi kumtajia Tata kitanda changu, na Kwamboka ndiyo kabisa. Wewe ni binti yake, unajua kuzunguka maneno. Mwambie tu kuna kiti nje.

Nisalimie Mama, na umwambie ng'ombe apumzike. Msalimie shemeji, mume wako mvumilivu; shangazi yetu wa Kisii mjini mwenye duka la ndizi; na yule jirani mzee wa kanisa aliyetufundisha nyimbo. Wanao wabusu wote, halafu uwanyang'anye simu.

Sabato ya kwanza baada ya barua kukufikia, saa kumi na moja za kwenu, tutakuwa kibarazani. Moraa ameshachagua koti, kofia na glavu, na amekataa katakata kungojea ndani. Mwambie Tata hakuna atakayemwingiza popote. Mwambie pia huku baridi inauma, na mjukuu wake hatainuka kwenye kigoda mpaka apokee.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda,
Nyakundi