Hedifoni za Mzee Kaseti

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulale mchana usiamke, hedifoni zikiwa masikioni. Kitinda mimba wako alidhani umepitiwa na usingizi katikati ya wimbo. Akakugusa bega, akakuambia, "Baba, chai inapoa." Ikapoa.

Mtaa mzima ulikuita Mzee Kaseti. Wokmani yako, ile mashine ndogo ya kaseti ya kutembea nayo, uliinunua mwaka niliozaliwa mimi, na marehemu Mama alikuwa akisema hajui kati yetu wawili ni nani aliyebebwa zaidi. Ilikuwa ya kwanza mtaani. Majirani walipanga foleni mlangoni, kila mmoja asikilize nusu wimbo, nawe umesimama pale ukifoka, "Usivute waya! Anayefuata!"

Kwenye chumba cha udobi ulipima kazi kwa kaseti. Upande mmoja, mashati kumi na mawili, ukiigeuza, suruali. Kaseti uliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili usimalize betri, na betri zikichoka ulizianika dirishani. Hukuwahi kuunguza kola ya mtu. Ukisikia mteja anakwenda kuomba kazi, shati lake ulilipiga pasi mara mbili na hukumwambia.

Kisha dunia ikahama. Zikaja sidii, zikaja simu, maduka yakaacha kuuza kaseti. Tulikununulia simu yenye nyimbo elfu moja. Ukashukuru sana, ukaifanya tochi. Ulipostaafu ukaja kukaa kwangu, kwenye kiti cha pembeni jikoni, hedifoni masikioni, kichwa kikitikisika taratibu. Tukazoea kuongea mbele yako kana kwamba hupo. "Mzee yuko kwenye nyimbo zake," tulisema.

Wiki iliyopita nilitaka kaseti zako zisikike siku ya leo, nikaipeleka wokmani kwa rafiki yako fundi redio. Hakushika hata bisibisi.

"Mwanangu, hii ilikufa miaka sita iliyopita. Mpira wa kuzungushia kaseti ulikatika, na mpya hakuna tena. Nilimwambia mzee. Akanijibu, 'Nirudishie tu hivyohivyo. Nikiivaa, wanangu wanaongea kwa uhuru.'"

"Miaka sita? Mbona alikuwa anatikisa kichwa?"

"Muulize yeye. Hata betri hazimo. Tazama."

Nikatazama. Hazikuwamo.

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kiti chako. Ndipo nilipoelewa viatu vya shule vya mjukuu wako vilikujaje kabla sijakuomba, na kwa nini kila nilipozozana na mume wangu ulikumbuka ghafla kwamba unahitaji akusindikize dukani. Tulikuwa tunakucheka kwa safari zile.

Lakini kuna siku moja, Baba, na hiyo ndiyo inayoninyima raha. Nilisimama palepale jikoni nikampigia simu mdogo wangu: "Njoo umchukue baba yako. Mimi nimechoka naye." Ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, unatikisa kichwa kama kawaida. Baada ya siku tatu ukaniambia umemkumbuka kitinda mimba wako, unataka ukakae kwake, kule kuna upepo mzuri. Nikaona bahati imenidondokea. Nikakufungia mizigo mbio mbio. Mlangoni ulinishika kichwa ukasema, "Pumzika, mama."

Nilidhani unazungumzia ile mizigo.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kila nilipokuja kukuona ulinipokea kwa kicheko, ukavua hedifoni, ukaniuliza kama nimekula. Hukunirudishia neno langu hata siku moja. Ningekuomba msamaha ungali hai, lakini sikujua, nawe ulihakikisha sijui. Nakuomba leo, mbele ya wote wanaosoma tangazo hili.

Unakumbukwa na kitinda mimba wako, mkweo uliyemchosha kwa safari za dukani, wajukuu wako watatu, fundi redio, na wateja ambao hadi leo hawajui kwa nini shati lilinyooka vile siku waliyolihitaji. Unakumbukwa na mimi, binti yako mkubwa. Tutakukumbuka daima.

Sikuwa nimechoka nawe, Baba. Nilikuwa nimechoka tu.