Joto Liko Chini, Mama Anatetemeka Juu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana hasira zimenijaa kuliko baridi ya nyumba hii. Mimi naishi huku Madawaska, mji wa kaskazini wenye theluji nyingi, na mume wangu Normand, pamoja na mama yangu mzazi, Albertine, ambaye miguu haimbebi tena. Kiangazi kilichopita Normand aling'oa jiko la kuni la kupashia nyumba joto lililokuwa juu kwetu, akalishusha kwenye chumba cha chini ya nyumba, eti magome na majivu yanachafua, nikamuuliza sisi tutaota moto gani, akanijibu, "Odile, joto hupanda lenyewe, hata mtoto wa shule anajua."

Mshauri, joto halikupanda! Theluji ilipoanguka, huko chini kukawa tanuri, yeye na ndugu yake Fernand wanakaa na fulana wakinywa bia na kutazama hoki, na mlango wa ngazi wanaufunga, eti tusiwapotezee joto, huku mama analala na koti na kofia ya sufu, madirisha yameganda kwa ndani, nikimpikia chapati za ploye zinapoa kabla hajapaka siagi. Nilimwomba Normand atoboe sakafu hewa ipite, akawaka: "Mbao hizi alizipiga baba yangu, hazitobolewi kwa ajili ya mtu yeyote!" Mama akashikwa na kichomi, akalazwa, na daktari akasema akirudi lazima chumba chake kiwe na joto.

Basi mama aliporudi kutoka hospitali, Normand akiwa msituni kukata magogo, nilimwita jirani yangu Huguette aje na msumeno wa umeme, tukatoboa tundu juu ya jiko na lingine chumbani kwa mama ili hewa ya baridi ishuke, na jioni ile mama alivua koti akacheka, akasema, "Leo navisikia vidole vyangu, mwanangu." Normand aliporudi hakumsalimu hata mgonjwa, tundu moja akalipigia plaiwudi na jingine akalisukumia kabati, kisha akasema mama akisikia, "Kama anaona baridi, si apelekwe nyumba ya wazee!" Mama akageukia ukutani. Sasa hali chakula vizuri, ananisihi nimpeleke huko nisivunje ndoa kwa ajili yake. Mshauri, nimekosa nini? Nikae au niondoke?

Odile

Odile, pole, na mama pole zaidi. Kumtafutia mzazi joto si kosa. Lakini usinune nikikwambia hili: tundu linalopitisha joto hupitisha moto na moshi vilevile. Mlitoboa palepale juu ya jiko bila kumuuliza mtu wa zimamoto! Mngeweza kumuua huyohuyo mliyekuwa mnamwokoa.

Ama huyo Normand, msomee haya kwa sauti akiwa amekaa. Bwana, joto hupanda, ndiyo, lakini halipiti kwenye mlango uliofungwa, na hewa ya moto haipandi ikiwa ya baridi haina pa kushukia. Unalinda mbao za marehemu baba yako na kumgandisha aliye hai. Mbao hazina mapafu!

Sasa fanya hivi. Leo hii fungua mlango wa ngazi, na wakiufunga tena, ng'oa bawaba. Weka feni sakafuni pale juu ya ngazi, isukume hewa ya baridi kwenda chini. Kesho waite zimamoto wayatazame hayo matundu, yawekewe wavu wa chuma wenye kifuniko kinachojifunga moto ukizuka, na ving'ora vya moshi na hewa ya sumu juu na chini. Mpaka kazi iishe, mama alale kwa Huguette. Fernand ana nguvu za kubeba kreti za bia, basi ambebe na mama. Na usiku mmoja Normand alale kwenye kitanda cha mama, mlango wa ngazi ukiwa umefungwa kama anavyopenda, auonje ubaridi huo.

Akikataa, mfuate mama yako, usirudi mpaka kabati limeondolewa na Normand amekuja mwenyewe kumwomba mama radhi, ana kwa ana, si kwa simu.

Na hiyo nyumba ya wazee, aamue mama, ila aamue akiwa amepata joto. Anayetetemeka hachagui, anakimbia.