Dawa ya Jembe la Skolastika

Mjukuu wangu Neema,

Amahoro. Sisi huku Titye hatujambo. Mama yako anavuna maharage, na babu yako bado haamini kwamba kucheza gofu huko Arusha ni kazi.

Unauliza mwenzako, mwembamba vile, anawezaje kupiga mpira mbali kukushinda, na unaishuku fimbo yake. Mimi nilishuku jembe. Usichanani tulikuwa tukilimiana kwa zamu, ndiyo ikibiri, na jirani yetu Skolastika, mwembamba kama ufito, alituacha nyuma kila shamba. Nikasema mpini ule umetiwa dawa tu. Asubuhi moja nikawahi jembe lake, nikamwachia langu. Akatuacha vilevile! Ndipo nikamtazama yeye mwenyewe. Akiinua jembe, mwili wote unaegemea mguu wa nyuma. Akilishusha, unahamia wa mbele, hata kisigino cha nyuma kinanyanyuka. Mimi nilisimama kama mgomba, nalima kwa nguvu za mikono tu.

Aliniona nikimkodolea macho, akacheka: “Dawa umeiona?”

Basi mrudishie mwenzako fimbo yake. Usikatae, najua umeshaichukua. Wewe ni damu yangu.

Bibi yako