Pembe za Ng'ombe wa Kamuli

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Bado naona aibu ukiniamkia, maana tunalingana umri, ila mdogo wake babu yako ndiyo babu tena. Huku Ihanda wote wazima, kahawa imeanza kuiva.

Umeuliza kama naamini kwamba matumbawe yanatunza joto la bahari ndani ya mifupa yao, eti mkiyasaga mkaupima unga wake mnajua maji ya zamani yalikuwaje. Mimi naamini.

Baba alimpa rafiki yake wa kijiji cha Kamuli ng'ombe amtunzie. Ndama ambaye angezaliwa ndiyo mahari yangu. Kila tukiuliza, rafiki anasema, "Tasa huyo, mzee." Mchumba wangu akachoka, akaolewa kwingine.

Ng'ombe alipokufa, yule rafiki akatuletea pembe, kama desturi, tujue kweli kafa. Sasa ng'ombe akizaa, pembe inabaki na mkunjo. Zile zilikuwa na mikunjo tele.

Baba akazipapasa polepole, mkunjo kwa mkunjo. Mimi namwangalia tu. Hakutaka kuvunja urafiki. Akasema, "Karibu lubisi, ndugu yangu." Wakainywa hiyo pombe ya ndizi. Pembe ziko ukutani mpaka leo, na mimi sijaoa.

Unasema matumbawe yako yanaonyesha bahari imezidi joto, na utawapelekea wakubwa. Wapelekee. Ila uwaangalie mikono. Wakiupapasa ule mfupa, halafu wakakukaribisha chakula, ujue wameshaona.

Ni mimi babu yako mdogo,
Mwesiga