Shore wa Mstari wa Nne

Isansa, Alhamisi. Oktoba inaishia, jua ni la kuchoma na mvua bado inatuchungulia tu kutoka upande wa Ileje. Nina hasira, na sitaki kuifunika.

Leo nimegombana na kikundi changu chote kwa ajili ya ndege.

Ndege mwenyewe ni shore, wala si wa kuringia. Kichwa cheusi chenye vinyoya vilivyosimama kama mtu aliyeamka bila kuchana nywele, mgongo wa rangi ya vumbi, na manjano kidogo chini ya mkia. Anatoboa mapapai yangu kabla sijajua kama yameiva. Paka akipita, anampigia kelele hadi majirani wachungulie. Lakini alfajiri hupanda kileleni mwa mgrivelia na kuimba. Mwaka jana niliporudi kutoka Tunduma kumzika mama, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kuniogopesha. Sauti yake ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani. Hilo siwezi kulisahau.

Wiki iliyopita nilimwona jike akiingia kwenye mti wa kahawa, mstari wa nne. Nikachungulia: kiota chepesi cha nyasi na vijizizi, mayai mawili ya waridi yenye madoa. Na leo ilikuwa zamu ya shamba langu kupogolewa. Tuko wanawake tisa, tunazunguka shamba kwa shamba, na hatuachi mti hata mmoja. Nikaona niuwekee alama ili waupite. Nikafunga kitambaa chekundu.

Chekundu!

Mwaka mzima nimo kwenye kikundi, najua kabisa kwamba kwetu kitambaa chekundu maana yake mti umezeeka, ukatwe ubaki kisiki. Akili yangu ilikuwa wapi, sijui. Nilipotoka jikoni na sufuria ya chai, Mama Neema, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshaangusha kwa msumeno mashina mawili kati ya matatu ya mti ule. Kiota kilikuwa kwenye la tatu. Dume alikuwa akipiga kelele juu ya vichwa vyao na hakuna aliyemjali.

Niliweka sufuria chini, nikaenda kusimama kati ya msumeno na lile shina.

"Sekela mwanangu, alama si umefunga mwenyewe?" alisema Mama Neema.

"Nilikosea, mama. Hili liache, lina kiota."

"Kisa ndege anayekumalizia mapapai? Kesho utatukataza kuua panzi. Sisi hatuachi mti nusu. Ukikataa, tunaondoka."

Wengine wakacheka. Nilisikia uso unaniwaka, lakini sikusogea.

Wakaondoka. Hata chai hawakunywa. Imebaki mistari kumi na moja, na mikono ni hii miwili. Nisipomaliza kabla mvua hazijashika, kahawa ya mwakani itakuwa majani matupu. Naogopa, nakiri.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jike alikimbia. Bila yale mashina mawili, jua lilipiga mayai moja kwa moja. Nikachomeka matawi yaliyokatwa pembeni yatoe kivuli, nikaenda kukaa mbali, kwenye migomba. Saa nzima, kimya. Nikaanza kujiita mjinga. Nimewapoteza wanawake wanane, na mayai nayo yanaharibika vilevile.

Saa kumi hivi, dume akatua kwenye ncha ya shina lililobaki, akaita. Jike akaja kidogo kidogo, tawi kwa tawi, akanitazama, akaingia, akalalia.

Nililia, tena kwa sauti.

Jioni Mama Neema amemtuma binti yake na ujumbe: Jumapili baada ya ibada niombe radhi mbele ya kikundi, na lile shina likatwe. La sivyo, jina langu linafutwa.

Nitaenda. Nitaomba radhi kwa kuwapotosha, maana kosa ni langu. Nitawaambia pia kwamba zamu za mashamba yao nitakuja kama kawaida, wanitake wasinitake. Ila shina hilo haliguswi mpaka makinda yaruke, na kwa hilo siombi radhi kwa mtu.

Wakitaka kufuta jina, wafute. Kesho asubuhi naanza mstari wa tano.