Kisigino Kwenye Kanga

Mdogo wangu Eliza, Bwana asifiwe. Huku Iguguno tu wazima, ila upepo unatutilia vumbi mpaka kwenye chai.

Leo shangazi kanipa unga wa uwele wa shambani kwake nisonge ugali, tule na mlenda. Ananiita, siitiki. Akacheka: "Kama marehemu mama yako! Akishika mwiko hageuki." Akaenda kuleta picha ya zamani. Ni mama, Eliza, yuko jikoni. Mpiga picha alimwita, akagoma kugeuka, eti ugali utafanya madonge. Sura haionekani hata kidogo. Nikalia, nikaona nimesafiri bure kuja kuitafuta sura yake.

"We mtoto, futa machozi, tazama mgongoni," shangazi akasema. Kumbe kwenye kanga kumechomoza kisigino kidogo. "Huyo ni Eliza, hana hata mwezi."

Miaka yote unaniuliza kama mama aliwahi kukubeba kabla Mungu hajamchukua. Alikubeba, mdogo wangu, tena anapika. Picha nimeiweka ndani ya Biblia, na uwele nakuletea. Mimi nitasonga, wewe ukae uitazame picha mpaka uridhike.

Mungu akufunike,
Dada yako Mariamu